Wa Pili Naye Apewe Maji

Mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani. Sijui nani alianzisha desturi ya kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa, lakini yangu ipo sebuleni hapa Majengo, inakwenda vizuri, na chini yake ndipo ninapoandika haya. Mliniomba wenyewe, ninyi vijana wa chumba cha mawasiliano, mkisema mnataka kujua mfumo wetu ulianzaje. Vyeo vyangu na mishahara yangu viko kwenye jalada la utumishi, na anayekosa usingizi akavisome. Mimi nitawasimulia habari za ujumbe: namna unavyotoka, unavyopotea, na unavyofika mara mbili ukaleta balaa kuliko ungepotea.

Nilianza kazi nikiwa binti, simu za mkononi bado hazijafika Mpanda, katika chumba cha redio nyuma ya stoo ya dawa ya hospitali. Ndani mlikuwa na meza, redio ya mawasiliano, betri ya lori iliyokaa juu ya matofali, na Mzee Fidelis. Juu ya paa ulipita waya wa antena uliofungwa kwenye nguzo mbili, na kunguru waliupenda kuliko sisi tulivyoupenda. Mzee Fidelis alikuwa Mfipa, mwembamba, na alivaa sweta hata mwezi wa kumi, mwezi ambao hapa kwetu hata mbwa huomba kivuli. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti, na kabla sijakizoea akanipa karatasi yenye ujumbe wa kwenda Karema, kule ziwani: gari la dawa litachelewa, watumie akiba kwa uangalifu.

Nikabonyeza kitufe, nikasoma kwa sauti ya mtu anayehutubia, nikaachia kitufe, nikamgeukia.

"Tayari, Mzee. Nimetuma."

"Najua umetuma, nilikuwepo. Karema wamepata?"

"Si nimeshawaambia?"

"Umeiambia hewa. Waambie wakurudishie."

Nikaita tena. Baada ya muda Karema wakaitika, wakasema ndiyo kwanza mhudumu anakaa kitini, alikuwa nje anaanua nguo kwa sababu mvua imeanza. Hotuba yangu yote ilikuwa imesikilizwa na kiti. Nilirudia, safari hii wakaurudisha ujumbe neno kwa neno, ndipo Mzee Fidelis akaniruhusu kuandika kwamba umefika.

"Kutuma ni habari yako," alisema. "Kufika ni habari ya mwenzako. Usiandike habari ya mwenzako kabla hajakwambia."

Nilikuwa mbishi tangu tumboni, kwa hiyo nikamuuliza, "Sasa Mzee, na wao watajuaje kwamba jibu lao limenifikia?"

Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. Niligundua baadaye kwamba alifanya hivyo kila alipofurahi.

"Wakitaka kujua, itabidi uwajibu kwamba umepata jibu lao. Halafu wewe nawe utataka kujua kama jibu la jibu limefika. Tutazeekea humu, binti yangu. Mwisho wa yote lazima mmoja akale ugali wake na wasiwasi."

"Nani?"

"Aliyesema wa mwisho."

Miaka mingi baadaye nilikaa darasani na kompyuta, nikamsikia mhadhiri akieleza jambo hilo hilo kwa michoro na mishale kwa saa nzima. Nilicheka peke yangu hadi akauliza kama nina swali.

Simu za mkononi zilipoingia, chumba cha redio kilikufa kifo cha kimya. Hakuna aliyekifunga, watu waliacha tu kuja. Betri ikaenda kuwasha taa mahali pengine, kunguru wakabaki na waya wao, na Mzee Fidelis akastaafu akarudi kwao Ufipa. Mimi nikapelekwa kusoma mambo ya kompyuta katika umri ambao wenzangu darasani waliniamkia kila asubuhi kabla ya kunifundisha kufungua faili. Sikuona aibu. Nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: nilikuwa nimeshapoteza ujumbe mwingi sana kwa mikono yangu.

Niliporudi, nilikuta kazi inanisubiri. Magari ya wagonjwa yalikuwa yanaitwa kwa simu ya mganga huyu, simu ya dereva yule, na anayejua namba ya nani. Tukaamua kutengeneza programu. Nasema tukaamua, maana nilikuwa na Shija, mtengenezaji wa programu aliyekulia Majimoto, mtoto wa Wasukuma waliohamia Mpimbwe na ng'ombe wao wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Alikuwa na akili ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi mama, na kabla sijamaliza kuitika alikuwa ameshaniambia kosa aliloliona kwenye kazi yangu ya jana.

Vitabuni wanaita mfumo uliotawanyika: programu moja inayoishi kwenye mashine nyingi zilizo mbalimbali, na kila mashine huitwa nodi. Sisi tulisema vituo, kwa sababu kweli vilikuwa vituo. Kila kituo cha afya kilipewa kishikwambi chenye programu, na hapa mjini ikakaa seva iliyopokea maombi yote na kuyaonyesha kwenye skrini ya chumba cha mawasiliano. Muuguzi akibonyeza kuomba gari, ombi linaingia kwanza kwenye foleni ndani ya kishikwambi chake, halafu linasafiri. Kishikwambi hakiruhusiwi kulifuta mpaka seva ijibu "nimepokea." Jibu lisipokuja, kinatuma tena. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Fidelis, tuliyoipeleka kwenye mashine kama ilivyo.

Mwanzoni tulikiagiza kirudie upesi upesi. Mtandao ulipozimika upande wa Mpimbwe kisha ukarudi, vituo vyote vilipiga kelele kwa pamoja kama vifaranga walioona mama yao, seva ikazidiwa na kulala. Tukavifundisha kungoja kidogo, visipojibiwa vingoje zaidi, na kila kimoja kingoje kwa muda wake bila kufuatana na jirani. Shija alisema tumeifundisha mashine adabu. Nilimwambia tuanze na yeye.

Sasa nifike pale ambapo mnataka kufika, maana najua mmesikia vipande vipande.

Tulikuwa na magari mawili. Moja la dereva yeyote aliye zamu, na lingine la Hamisi. Hamisi ni mtu wa Karema, alikua akivua dagaa na baba yake kabla hajashika usukani, na wote tulimwita Baba Zuhura kwa jina la binti yake wa kwanza. Zuhura mwenyewe alikuwa ameolewa Kasokola na mkulima wa mahindi, ana mimba iliyokaribia kufika. Hamisi alikuwa mcheshi. Alikuwa akiingia chumbani kwetu anaisalimia seva kabla yetu, anasema huyo ndiye bosi asiyeomba lifti.

Siku hiyo ilikuwa siku ya mnada Majimoto, mchana kweupe, nami nilikuwa chumbani. Ombi likatokea kwenye skrini: Majimoto, mama mzazi, anatoka damu. Gari la kwanza likaondoka. Halijafika mbali, likatokea ombi la pili: Majimoto, mama mzazi, anatoka damu. Siku ya mnada watu huja Majimoto kutoka kila upande, wengine kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa hiyo kuwa na wagonjwa wawili hakukumshangaza mtu. Hamisi akawasha gari akafuata. Alikuwa ameshapita Sitalike, yuko ndani ya mbuga, ombi la Kasokola lilipoingia, na mgonjwa alikuwa Zuhura. Kasokola ni hapo tu, jirani na mji. Hatukuwa na gari.

Tulimpigia Hamisi ageuze bila kumwambia ni nani. Alifika Kasokola akakuta wameshaondoka. Mkwewe alikuwa amemlaza Zuhura kwenye trela la trekta, juu ya magunia, akamleta mjini kwa barabara ile ya mashimo. Zuhura alipona. Mtoto hakupona.

Na Majimoto alikuwepo mama mmoja. Mmoja tu.

Kilichotokea kilijulikana siku hiyo hiyo. Muuguzi wa Majimoto, Anastazia, alituma ombi kwa kishikwambi. Lilifika, seva ikajibu, lakini mnara ukazima na jibu likafia njiani. Anastazia hakuona jibu. Akachukua simu yake mwenyewe, yenye programu ile ile na laini ya mtandao mwingine, akatuma tena. La pili nalo likafika. Seva yetu ilikuwa na kawaida ya kulipa kila ombi namba linapofika mlangoni. Mawili yamefika mlangoni, namba mbili, wagonjwa wawili, magari mawili. Ombi halikupotea hata moja siku ile, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimejifunza kuogopa ujumbe unaopotea.

Jioni tulikwenda kutoa pole nyumbani kwa Hamisi. Wanaume walikuwa nje kwenye mkeka, wanawake ndani. Pole yangu niliipeleka kwa njia mbili kama tunavyofanya siku zote: nilimtuma Shija amfikishie kule mkekani, na mimi nikaisema ndani kwa mama Zuhura ili aifikishe. Hamisi alimpa Shija mkono. Mama Zuhura alilia, nami nililia. Kutoka kwa Hamisi hakuna jibu lililorudi.

Kikao kiliitwa. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na alikuja na maamuzi mawili mfukoni. La kwanza, Anastazia apewe onyo la maandishi kwa kutuma mara mbili, na waraka utoke kwa wauguzi wote: ombi moja, mara moja. La pili, programu izimwe, turudi kwenye simu.

Anastazia alikuwa ameitwa kutoka Majimoto, amekaa karibu na mlango na mkoba mapajani.

"Nilikuwa na mama anakwisha mbele yangu," alisema. "Sikuona jibu. Nyie mngefanyaje? Mngekaa mkingoja mashine?"

Mimi niliomba nafasi, na nilizungumza kwa hasira kuliko nilivyopanga.

Niliwaambia kwamba mimi ni Mkonongo, na nyumbani kwetu habari ya ugonjwa au msiba haikutumwa kwa mtu mmoja. Walitumwa wawili, mmoja barabarani, mwingine njia ya porini, kwa sababu mto unaweza kujaa na tembo wanaweza kukaa njiani. Wote wawili wakifika, yule wa pili hafukuzwi. Haambiwi "tumeshasikia." Anakaa, anapewa maji, anasikilizwa mpaka mwisho, anajibiwa kwamba habari imefika na fulani ameshaondoka kuja. Lakini hakuna anayelia upya, wala hawachimbi kaburi la pili. Msiba ni mmoja, waje wajumbe wangapi.

"Anastazia amefanya kama alivyolelewa," nikasema, "na kama tulivyokiagiza kishikwambi chenyewe. Asingetuma yeye, kingetuma chenyewe tena. Usimkataze mwenye shida kuita mara mbili. Tatizo liko kwetu tunaopokea. Wa pili akija hatumjui kuwa ni wa pili."

Mkuu akalirudisha onyo la Anastazia mfukoni. Kuhusu programu alisema tuna mpaka mvua za masika. Zikianza, na bado magari mawili yanaweza kumfuata mtu mmoja, anaizima kwa mkono wake.

Tulirudi chumbani na Shija. Kumtambua wa pili ni rahisi kusema. Tulijaribu kulinganisha maneno: kituo kile kile, ugonjwa ule ule, muda wa karibu. Lakini hiyo ni kubahatisha. Ikitokea kweli ni mama wawili, umemwacha mmoja afe kwa sababu anafanana na mwenzake.

Ni Shija aliyelifungua, akiwa anakula muhogo wa kuchoma na kuongea kwa mdomo uliojaa.

"Mayu, mimi naitwa Shija kwa nini?"

"Kwa sababu umefuata mapacha."

"Ee. Kulwa na Doto wapo mbele yangu. Sasa jioni wakirudi kutoka kuchunga, Doto akitangulia kufika nyumbani, mama atamwita Kulwa?"

"Hawezi. Kulwa ni aliyetangulia kuzaliwa."

"Jina wamepewa walipozaliwa. Hakuna anayekaa mlangoni kuwapa majina wakiingia." Akameza. "Sisi tumemweka seva mlangoni anatoa majina."

Nilikumbuka Mzee Fidelis na miwani yake. Kama ningekuwa na sweta ningefutia kitu.

Hivyo ndivyo ilivyobadilika. Ombi likapewa jina pale linapozaliwa, mkononi mwa muuguzi, kabla halijasafiri, na jina hilo halibadiliki hata lirudiwe mara mia. Seva inatunza majina iliyoyapokea. Jina jipya likija, inaonyesha ombi na kujibu. Jina lile lile likirudi, haionyeshi ombi jipya, lakini inajibu tena. Hapo kwenye kujibu tena ndipo vijana wengi hukosea, nanyi mwangalie sana. Mkitupa ujumbe wa pili bila jibu, aliyetuma hatajua kamwe kwamba alifika, ataendelea kuita mpaka betri iishe, na yeye mwenyewe ataishi na hofu ambayo dawa yake mlikuwa nayo mkononi. Wa pili naye apewe maji.

Lakini Anastazia alituma kwa vyombo viwili tofauti, na kila kimoja kingezaa jina lake. Kwa hiyo tukataka jina ambalo mtu anaweza kulibeba mdomoni. Tuliacha tarakimu ndefu, tukaokota maneno ya nyumbani: kinu, ungo, jembe, karanga, mtungi, maneno ambayo Mpimbwe, Msukuma na Mrundi watayatamka kila mmoja kwa lafudhi yake na bado usiyachanganye. Muuguzi akifungua ombi la mgonjwa, kishikwambi kinamwonyesha kwa maandishi makubwa: Majimoto Kinu. Akitaka kutuma tena kwa simu yake, anaandika Kinu. Akipiga simu, anasema Kinu. Akimtuma mtu wa bodaboda, anamwambia nenda ukawaambie Majimoto Kinu bado anangoja. Njia ziwe zozote, jina ni moja.

Jina lilitutibia maradhi mengine pia. Zamani ombi la kughairi liliwahi kufika kabla ya ombi lenyewe, kwa kuwa lilipanda mtandao mzuri zaidi. Seva ikasema hakuna cha kughairi, ikalisahau, kisha ombi likafika na gari likaenda kumchukua mzee aliyekuwa ameshapata nafuu anakunywa uji. Mzee hakukataa lifti, alikuwa na shughuli zake mjini. Baada ya majina, ghairi ya Kinu ikitangulia, seva inaiweka na kungoja. Doto akifika kwanza, unajua tu kwamba Kulwa yuko njiani.

Tulifanya majaribio tukizima minara kwa makusudi, yaani kwa kuvifunga vishikwambi ndani ya sufuria zenye mifuniko. Mama lishe wa pale getini alikuja kuzidai sufuria zake mpaka tukamkaribisha aone. Alisema alidhani serikali inapika nini.

Kazi ilibaki kwa Hamisi. Alirudi kazini baada ya matanga, lakini mzaha ulikuwa umekwisha. Hakuisalimia tena seva. Skrini ikimwambia aende, yeye anatoa simu mfukoni, anampigia muuguzi wa kituo: "Ni kweli mnaniita? Ni mtu mmoja au wawili?" Mtandao ukiwa mbaya anapiga tena na tena, gari linanguruma uani. Dakika zilizoliwa hivyo zilikuwa dakika za mgonjwa. Shija alitaka tumshtaki. Nilikataa. Mtu aliyepoteza mjukuu kwa neno la mashine huwezi kumpa waraka unaosema aiamini. Nilimwambia mkuu hivyo hivyo, naye safari hiyo hakuwa na haraka.

Masika yakaja kama yanavyokuja kwetu, mto umefura na barabara ya mbugani imegeuka uji. Asubuhi moja skrini ikaonyesha: Majimoto Mtungi, mama mzazi. Gari la kwanza likatoka. Nikakaa nikitazama ukurasa wa ndani wa seva, ule ambao ninyi huutazama mkiwa mmechoka. Mtungi ulifika tena kutoka kishikwambi kile kile. Ukafika tena kwa simu ya Anastazia. Halafu simu ya mezani ikalia, ni yeye mwenyewe, anahema.

"Mama Nyamizi, Mtungi umefika?"

"Umefika, mwanangu. Gari limetoka zamani. Umenisikia? Nirudishie."

"Gari limetoka," alisema, na nikasikia pumzi zinamshuka.

Kwenye skrini ya chumba ombi lilibaki moja. Hamisi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Hakuuliza. Nilimwonyesha ule ukurasa wa ndani, Mtungi, Mtungi, Mtungi, kisha nikamwonyesha skrini, Mtungi mmoja. Alisogea karibu akasoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye matokeo.

Ndipo likaingia jingine: Kasokola Ungo, mama mzazi.

Ni kituo kile kile. Hamisi alipeleka mkono mfukoni, akatoa simu. Aliishika. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka kwamba kufika ni habari ya mwenzako, nikanyamaza. Akairudisha simu mfukoni.

"Kasokola Ungo," alisema kwa sauti. "Nimepokea. Natoka."

Alikwenda, akarudi na mama mzima, na mtoto akazaliwa mjini kabla ya adhuhuri, wa kiume, mwenye kelele. Hakuwa ndugu yake Hamisi, hakuwa na uhusiano naye wowote. Lakini Hamisi alisimama nje ya wodi mpaka alipomsikia analia, ndipo akaenda kuosha matope kwenye gari. Hakuna aliyekuja kuizima programu. Mkuu alipita chumbani akauliza hayo ya ungo na mtungi ni mambo gani, akaelezwa, akasema haya, na siku hizi nasikia anaisimulia mikoani kama wazo lake. Na liwe lake, mradi linafanya kazi.

Mengine mnayajua, mlikuwepo. Vituo vimeongezeka, magari yameongezeka, Shija amekwenda Dodoma na bado ananitumia ujumbe wa kunikosoa. Mzee Fidelis alikuwa bado hai tulipomaliza kazi ile. Nilimpigia nikamweleza kila kitu, akaniacha nimalize, halafu akauliza kama kunguru bado wapo.

Siku ya kuniaga, mlipokuwa mnagawana soda na pilau, Hamisi aliitwa aseme neno. Alisema mama huyu tumefanya naye kazi vizuri, akakaa. Mlipiga makofi kwa heshima. Nilipotoka nikiwa nimekumbatia saa yangu, nilimkuta getini ameegemea gari.

"Mama Nyamizi," aliniita. "Ile pole yako ya wakati ule."

"Naam, Baba Zuhura."

"Ilifika. Alinipa Shija, na mama Zuhura akanipa tena. Zilifika zote mbili."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka mingi kiasi kwamba nilianza kumgombeza badala ya kushukuru. "Sasa mbona hukujibu? Ningejuaje?"

Alitazama chini, akasugua tairi kwa kiatu.

"Sikuwa na mtandao, mama."

Tulicheka, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyekuwa na uso mkavu. Nikamwambia, "Nimekupata, Baba Zuhura." Sikungoja anirudishie. Nilivuka barabara na saa yangu nikaenda nyumbani kula ugali. Ni mimi niliyesema wa mwisho, na sikuwa na wasiwasi.